Fomu za Mizigo za Barking

Barking, London
Machi 9, 2025

Dada Swabra,

Shikamoo. Barua hii naomba ikukute na swaumu nyepesi, wewe na shemeji na wote wa nyumbani. Sisi huku Ramadhani imetuingilia na baridi, lakini mchana bado ni mfupi, kwa hiyo msituonee huruma sana. Wifi yako Raiya anakusalimu, asema bado anakudai ile siri ya visheti. Binti yetu Ilham ametimiza miaka kumi na saba na anakuamkia. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha ananijibu Kiingereza, na nikimkasirikia anacheka kile kicheko cha marehemu mama. Basi na hasira zangu huishia hapo.

Biashara haijambo. Ghala limejaa masanduku hadi mlangoni. Wauguzi, walezi wa wazee, wanafunzi, Wakenya wote wa London wanataka mzigo uondoke leo, na hakuna aliyejaza fomu sawasawa. Nawaambia kila siku: jina la mpokeaji na nambari ya kitambulisho chake, forodha hawataki mchezo. Nawe pia, sanduku nililokutumia kwa meli likifika, usimsumbue ajenti. Mpe nambari yako akupe mzigo. Humo mna tende, sabuni zile uzipendazo na koti la shemeji.

Sasa jambo lenyewe, na hili ni lako peke yako. Unamkumbuka Kamal, aliyekuwa akikaa nyuma yangu darasani na kuninakili hesabu mpaka makosa? Anataka ugavana. Ana sauti, ana sura, watu wanampenda. Asichokuwa nacho ni chama. Vyama vikubwa vimemwambia apange foleni. Basi nimemwambia, Kamal, chama ni nini? Ni karatasi, ofisi na watu. Tutajijengea chetu, cha kaunti yetu, tuache kuomba kura zetu wenyewe kwa watu wa mbali. Yeye atasimama jukwaani, mimi nitakaa nyuma ya pazia. Jina langu lisitajwe popote. Mfanyabiashara akijulikana ana chama, kila mlango wa bandari anafungiwa.

Haya mambo usiniandikie kwenye simu. Simu za siku hizi hazina siri, ujumbe unapigwa picha na kusambazwa kabla hujaufuta. Tuandikiane hivi hivi, kwa masanduku au kwa wasafiri.

Nina ombi moja. Chama kinahitaji alama, nami usiku na mchana naliona kawa la mama, lile lililosukwa kwa miyaa nyekundu na nyeusi alilokuwa akifunikia chakula cha baba. Kila nyumba ya kwetu inalijua kawa. Nitumie picha yake.

Nimesikia unataka kuomba ukuu wa shule. Wakikupa wewe, basi watakuwa wamefanya jambo la maana kwa mara ya kwanza.

Mdogo wako,
Zein

*

Malindi
Mei 4, 2025

Mdogo wangu Zein,

Marahaba, na Mwenyezi Mungu akuzidishie. Sanduku limefika wiki iliyopita. Tende zimekwisha, usiniulize nani kazila. Koti la shemeji yako limemkaa vizuri isipokuwa hapa kwetu hakuna siku ya kulivaa, kwa hiyo analivaa ndani akitazama mpira na feni imewashwa.

Habari za huku ni za shule tu. Mwalimu mkuu amestaafu, na nafasi imetangazwa. Mimi nimekuwa naibu miaka kumi na moja. Nimepiga kengele na kufungua madarasa kila asubuhi, nimezika wanafunzi wawili na kuwaoza walimu sita, na imebaki miaka mitatu nami nistaafu. Nataka nikikalie kile kiti, Zein. Sioni haya kukwambia. Usaili ni mwezi wa Agosti.

Kuhusu chama chenu, nimecheka kidogo na nimeogopa kidogo. Kamal nilimfundisha kusoma mimi, wakati wa likizo, barazani kwetu, na tangu siku hizo alikuwa akisoma mstari wa kwanza na wa mwisho tu, wa katikati anabuni. Lakini mkipatana ni nyinyi.

Picha ya kawa haionyeshi rangi, kwa hiyo nimempa kawa lenyewe binti wa jirani, anarudi kazini huko kwenu, Stratford. Lisafirishe kama yai. Ni la mama, si la chama.

Na neno moja ulisome mara mbili. Mimi ni mtumishi wa umma. Sheria hainiruhusu kuwa mwanachama mwanzilishi wala kushika cheo katika chama chochote, na kwa kazi ninayoiomba wataangalia. Mimi katika hili nisiwemo. Hata kwa jina. Hata kwa mzaha.

Dada yako,
Swabra

*

Barking
Juni 20, 2025

Dada Swabra,

Shikamoo, na Idi iliyopita tunaomba mtusamehe hatukupiga simu mapema, mzigo ulitushika. Raiya hajambo. Ilham amemaliza mitihani. Kawa limefika salama, kalibeba mapajani kwenye ndege yule binti, Mungu ambariki. Nimelitundika ofisini juu ya meza yangu, na kila mteja analiuliza.

Furaha niliyo nayo siwezi kuificha. Chama kimepata cheti. Sheria yataka uwe na wanachama elfu moja moja katika zaidi ya nusu ya kaunti za nchi, na wale wakubwa walikuwa wakitucheka, wakisema Kamal hata Voi hajulikani. Sasa hawacheki. Wamebaki kuulizana tumewapata wapi watu wa Meru na Kisii na Kakamega. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada, nami nimeinama miezi hii yote.

Jasmeet, rafiki yangu wa Southall, wazazi wake ni wa Kisumu, ametuchapia fulana zenye kawa kifuani. Nilikwenda kuzichukua mwenyewe kwa treni na nikarudi na mabegi mawili kama mchuuzi. Nitakutumia moja uifanye ya kulalia.

Kuna muuguzi mmoja hapa, Makena, mtu wa Meru, mteja wangu wa miaka mingi. Juzi alinijia ghalani amekunja uso. Mamake kule kijijini ameambiwa ni mwanachama wa chama chetu, na yule mama hajatoka shambani tangu Krismasi. Nimemwambia ni kosa la kompyuta. Watu wa huku wana maneno.

Nakuombea usaili. Kiti kile ni chako.

Zein

*

Malindi
Septemba 2, 2025

Zein,

Salamu zako zilifika. Hapa nyumbani ni wazima.

Nimekupigia simu mara saba tangu Jumatano. Umeniandikia maneno matatu: "Si simu. Andika." Basi naandika, na barua hii anakuja nayo mwalimu mwenzangu anayemfuata mumewe London, atakuwa kwako Ijumaa.

Usaili ulikuwa Agosti ishirini. Nilivaa ile leso ya mama ndani ya buibui, kwa bahati. Maswali yote niliyajibu. Kisha mzee aliyekaa katikati akageuza karatasi na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nilikuwa nimewaarifu waajiri wangu kwamba mimi ni katibu wa chama cha siasa. Nikamwambia amenifananisha. Akanisomea nambari ya kitambulisho. Ilikuwa yangu, tarakimu kwa tarakimu.

Zein, sikuwa mwanachama tu. Umenifanya katibu.

Nilirudi nyumbani nikaketi na simu nikaingia penye orodha ya msajili wa vyama, ambapo mtu huweka nambari yake akaona kama yumo. Mimi nimo. Shemeji yako yumo. Nikaiweka nambari ya mama, ambayo naijua kwa moyo kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikimpeleka hospitali. Mama yumo. Mama aliyelala kaburini mwaka wa nne huu, amejiunga na chama chako mwezi wa Aprili.

Nikakumbuka fomu za masanduku. Jina la mpokeaji na nambari ya kitambulisho. Miaka ishirini umetutumia sabuni, na sisi tunajaza fomu. Yule mama wa Meru hakuwa kosa la kompyuta.

Sasa nisikilize. Nimepewa barua ya kunitaka nijieleze. Kikao cha nidhamu ni Oktoba kumi na nne. Sihitaji wakili wala zawadi. Nahitaji barua yako, aya moja, imetiwa sahihi: kwamba jina langu uliliandika wewe, kutoka fomu ya mzigo, bila mimi kujua. Basi. Nilikwambia usome mara mbili, nami najua ulisoma, kwa sababu wewe si Kamal.

Mpe msafiri yeyote. Bado wiki sita.

Swabra

*

Barking
Septemba 19, 2025

Dada yangu mpenzi Swabra,

Shikamoo, tena shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na mvua za vuli zimeanza kuwatembelea. Sisi huku ni wazima. Raiya alifanyiwa upasuaji mdogo wa jicho, sasa anaona kila kitu, hata asichopaswa kuona. Ilham ameanza masomo ya chuo, anapanda treni asubuhi na kurudi magharibi. Hali ya hewa imeanza kugeuka. Bei ya kontena imepanda, lakini hilo lisikushughulishe.

Barua yako nimeisoma na imenichoma. Najua una uchungu. Nataka uamini kwamba hakuna aliyekukusudia ubaya. Katika kazi kubwa kama hii watu hufanya haraka, na jina la mtu muaminifu huwa kama msumari, linashika mbao zote. Subira yavuta heri. Vikao hivi vya nidhamu huwa ni vitisho tu.

Kuhusu ile aya moja, nimeketi kuiandika mara tatu. Tatizo ni hili. Nikikubali jina moja halikuwa la hiari, wapinzani watauliza la pili, na la tatu, na orodha nzima itachanika. Kuna watu wamejitolea maisha yao kwa chama hiki. Nitawaambia nini? Ningeomba uwaambie tu kwamba hukumbuki, au kwamba uliwahi kutia sahihi karatasi ukidhani ni ya mzigo. Hilo si uongo sana.

Kamal akiingia, waziri wa elimu wa kaunti anatoka nyumba gani? Fikiria. Ukuu wa shule moja utauona kichekesho.

Nimekuwekea humu manukato, sweta mbili na ile fulana.

Ndugu yako akupendaye,
Zein

*

Malindi
Novemba 24, 2025

Zein,

Barua yako ya Septemba kumi na tisa imenifikia Novemba ishirini na moja, chini ya sweta.

Kikao kilikuwa Oktoba kumi na nne. Niliwaambia ukweli. Wakaniuliza nani basi aliyeniandika, na kama ana ushahidi wowote atakaoutoa. Nilisema namngoja. Wakaningoja nusu saa zaidi, kwa heshima, kisha wakafunga faili.

Nimevuliwa unaibu. Kuanzia Januari nitakuwa mwalimu wa darasa la tatu, shule ya bara, safari ya saa mbili na nusu kwenda. Watoto wangu wa shule waliniimbia wimbo wa kuniaga, na walimu waliinamisha nyuso, kwa maana gazeti la mtaa limeandika kwamba mimi ni mwanasiasa niliyejificha darasani. Muuza maandazi wa langoni sasa ananiita mheshimiwa. Hajui ananiumiza.

Kuna jambo nataka ulijue kwamba nalijua. Mwezi wa Julai fulana za chama ulizitia mkononi mwa msafiri, zikamfikia Kamal siku ya tatu. Barua yako hii, uliyoiandika ukiijua tarehe ya kikao, uliiweka melini. Hukusahau. Mtu anayepakia makontena miaka ishirini hasahau meli inachukua wiki ngapi.

Ungeniandikia "sitaki" ningelia nikanyamaza.

Swabra

*

Barking
Februari 6, 2026

Dada yangu, mama yangu, Swabra,

Shikamoo. Najua hukunijibu salamu za mwaka mpya, wala simu, na sina haki ya kuuliza. Barua hii anakuja nayo mtu wa ndege, atakuwa Malindi Jumanne. Nitakuandikia bila mapambo.

Kamal ameniuza. Anakivunja chama na kukiingiza ndani ya chama kikubwa, kile kile kilichomwambia apange foleni. Wamemwahidi tiketi ya ugavana, naye amewapa kila kitu, ofisi, orodha, hata alama ya kawa. Nilisikia kwa Jasmeet, naye alisikia kwenye redio ya mtandao, akifunga duka. Nikampigia Kamal. Akanijibu kwa sauti ya jukwaani: "Ndugu Zein, nimeangalia katika daftari za chama, jina lako silioni." Mimi niliyekijenga kuanzia msumari wa kwanza. Nilikaa nyuma ya pazia mpaka pazia likawa ukuta. Asante ya punda ni mateke.

Huku nako si kuzuri. Makena amekusanya wauguzi wenzake, wamenishtaki kwa ofisi inayolinda habari za watu. Wateja wanapita mlangoni kwangu kama hawanijui. Ilham alinisomea malalamiko yao mezani, kwa Kiingereza chao, kisha akaniuliza, kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu alipokuwa mdogo: "Baba, bibi pia ulimwandika?"

Dada, nilikukosea. Nilikuweka ukatibu kwa sababu katika dunia hii nilikuwa namwamini mtu mmoja tu. Nilijua Kamal anaweza kunigeuka, na nilitaka jina moja la nyumbani liwe pale siku hiyo. Siku yenyewe imefika. Kisheria chama hakiwezi kuunganishwa bila sahihi ya katibu. Katibu anayetambulika ni wewe. Nakuomba uandike pingamizi kwa msajili, kurasa mbili tu, wakili ameshazitayarisha, zimo humu. Wewe ukikataa, Kamal hawezi kusogea hata hatua moja.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sina mwingine.

Nimekutumia na sanduku, liliondoka Desemba, sasa litakuwa kwa ajenti.

Zein

*

Malindi
Februari 15, 2026

Zein,

Marahaba. Salamu ya mdogo haikataliwi. Mwambie Raiya nimefurahi kusikia juu ya jicho lake, na Ilham mwambie shangazi yake anampenda, na kwamba swali lake lilikuwa zuri.

Kurasa zako mbili nimezisoma zote, na mistari ya katikati. Zimenifikia siku nne tangu uziandike. Nimeona kwamba zinaweza kufika mapema.

Lakini umechelewa. Kamal alikuja hapa Januari kumi, kabla sijahamia bara. Alivua viatu mlangoni, akaketi palepale barazani nilipomfundishia kusoma. Hakunidanganya, na hilo lilinishangaza. Aliniambia anataka kuunganisha chama na kwamba anaogopa jina langu, kwa kuwa ni mkono wako. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe u katibu kweli?" Nikamwambia siku zote nimesema mimi si katibu wala si mwanachama. Akaniomba niseme hivyo kwa kiapo. Nikamwambia nitaapa, naye aandike barua: nani aliniandika, lini, kutoka fomu ipi. Akaomba karatasi. Aliiandika kwa robo saa, akinywa kahawa yangu. Aya moja.

Na chama hakikuanguka, Zein. Orodha haikuchanika. Ile aya uliyokaa kuiandika mara tatu ukashindwa, mwenye chama ameiandika na akamaliza kahawa. Wiki ile ile wakamweka katibu wao, na huyo ndiye atakayetia sahihi.

Sikufanya hivyo kukuadhibu. Sikusema neno hata moja la uongo, na sikujua wewe utasimama wapi siku hiyo, kwa kuwa hukuwahi kuniambia kwa nini niliwekwa pale. Lakini sitakuficha: nilipotia sahihi nilijua linakukata, na bado nikatia. Nililia baadaye, jikoni. Wewe ndiye mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa sokoni. Ungenitaka ukweli ningekupa, na uongo pengine ningeusema kwa ajili yako, kama ungekuja kuniomba. Ulichofanya ni kunitumia bila kuniuliza, kisha ukaniacha nisimame peke yangu mbele ya watu ukiwa na karatasi ya kuniokoa mkononi.

Umeniandikia mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Na mimi niliisema methali hiyo, moyoni, Oktoba kumi na nne, katika ile nusu saa.

Rufaa niliyoikata kwa ile aya ya Kamal itasikizwa Aprili. Huenda nikarudi, huenda nisirudi. Darasa la tatu ni watoto hamsini na wawili, na kuna mmoja amejua kusoma wiki hii. Kurasa zako narudisha kwa mtu huyu huyu, sijazitia alama. Na kawa la mama nirudishie. Lishushe ukutani umpe msafiri, usilitie melini.

Sanduku lako lipo. Jana nilipita kwa ajenti njiani nikitoka bara. Ni kubwa kuliko yote uliyowahi kutuma, limefungwa kamba ya buluu, jina langu limeandikwa kwa mkono wako pande zote nne. Kijana akafungua daftari, akaniomba nambari ya kitambulisho ili anipe.

Nikamwambia amuulize aliyelituma, anayo. Nikaenda zangu nyumbani.

Swabra